CHAMA KISOME ORODHA YA MAMA

Wananchi wenzetu, katika tawi letu kuna daftari la mahudhurio. Kila mkutano ufunguliwapo daftari hilo huletwa mezani, katibu akasoma majina, na asiyeitika huwekewa msalaba kwa wino mwekundu. Robo ya mwaka iliyopita tulilikagua, tukaona misalaba mingi imesimama mbele ya majina ya akina mama. Mzee mmoja wa Chama, ambaye twamheshimu sana, akainuka akasema kuwa akina mama wa siku hizi hawana nidhamu: siku ya kampeni hupiga vigelegele, siku ya kazi hawaonekani. Watu wakapiga makofi. Twaona haya kusema, lakini kweli haifichwi: nasi tulikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Jioni ile ile tulikuwa tumemwekea msalaba mwenzetu mmoja, mjumbe wa kamati, aliyetakiwa kuleta hesabu ya ada za wanachama. Mkutano uliitwa saa kumi na moja jioni, ukaanza saa kumi na mbili kasoro robo kama ilivyo desturi yetu mbaya, ukaisha saa mbili usiku. Yeye hakufika. Kesho yake tukaenda kwake na maneno makali mdomoni.

Tulimkuta jikoni. Hesabu ilikuwa tayari, imeandikwa kwa mwandiko safi, shilingi kwa shilingi, na karatasi imefunikwa kwa sahani isipate masizi. Na ukutani, juu ya meko, tuliona maandishi ya mkaa. Yalikuwa orodha ya kazi zake za jana yake. Kuwasha moto. Uji. Maji, ndoo sita, kabla bomba halijakatika. Kuwavalisha wawili waendao shule. Maandazi, kuyakanda, kuyakaanga na kuyapeleka kwa mwenye kibanda. Kudai fedha za maandazi ya juzi. Mtoto mdogo kliniki. Dawa ya mama mkwe. Shati la bwana, kifungo. Maharage. Na kadhalika na kadhalika, mpaka nambari 19, ambayo ilikuwa neno moja tu: Mkutano.

Kazi 15 zilikuwa zimefutwa kwa kidole. Nne zilikuwa zimebaki, na mkutano ulikuwa mojawapo. Tulimpa pole, tukachukua karatasi yetu, tukarudi na yale maneno makali hatukuyatumia.

Tangu siku ile, kila tuendako kutembelea matawi, huwauliza akina mama swali moja: siku yako imekaaje? Na leo twataka kusema mbele ya wasomaji wetu yale tuliyojifunza, kwani jambo hili si la jikoni tu. Chama ambacho nusu ya watu wake hawawezi kufika mkutanoni ni Chama kinachoamua mambo kwa nusu ya akili zake.

Wako wasemao kwamba dawa ni mama kujipanga. Maneno haya husemwa redioni na kuandikwa magazetini: amka mapema, andika mambo yako, fuata mpango, nawe utaona siku inatosha. Si uongo, ila ni nusu ya kweli. Mwenzetu wa mkaa ukutani alikuwa amejipanga kuliko kamati yetu nzima. Aliamka saa kumi alfajiri. Aliandika. Alifuta. Hata hivyo siku haikumtosha, kwa sababu siku ya mama ina saa 24 kama ya bwana, na hakuna orodha iliyopata kuzaa saa ya 25.

Wako na wengine wasemao kuwa orodha ni mambo ya wazungu na ya watu wa maofisini, mama zetu waliishi bila karatasi na nyumba zilisimama. Hao nao hatuwakubalii. Mama zetu walikuwa na orodha, tena ndefu. Tofauti ni kwamba waliibeba kichwani juu ya ndoo, na kwa kuwa haikuonekana hakuna aliyewasaidia kuitua.

Sisi tumetoka chuo cha ualimu miaka michache iliyopita. Kule mwanachuo haruhusiwi kuingia darasani kufundisha bila andalio la somo. Wenzetu walimu wanalijua andalio hilo: lina hatua zake, lina dakika za kila hatua, na lina safu mbili zinazokaa jirani, moja ya vitendo vya mwalimu na moja ya vitendo vya wanafunzi. Mwanachuo mgeni hujaza safu ya mwalimu mpaka ikafurika, ataeleza, ataandika, atauliza, atachora, na safu ya wanafunzi huandika "watasikiliza." Mkufunzi akiliona andalio la namna hiyo hulirudisha, kwani somo ambalo mwalimu afanya yote si somo, na mwalimu huyo atachoka kabla ya kengele.

Basi tulipokumbuka ule ukuta kwa macho ya mwalimu, tuliona kasoro yake mara moja. Nyumba ile ina watu saba: yeye, bwana wake, mama mkwe na watoto wanne, ambao wawili kati yao wamekwisha kupita miaka 12. Katika kazi zote 19 hapakuwa na hata moja iliyokuwa na jina la mtu mwingine. Lilikuwa andalio lenye safu moja, na safu zile nyingine hazikuandikiwa hata "watasikiliza."

Sasa twashauri. Na ushauri huu tumeujaribu nyumbani kwetu wenyewe, tukiwa na watoto wawili na safari za matawi kila wiki, kwa hiyo hatusemi ya kusikia.

Kwanza, orodha iandikwe usiku, si asubuhi. Asubuhi ya mama ni vita, na hakuna jemadari aandikaye mpango wake risasi zikilia. Tena kazi nyingi za kesho zaanzia leo. Maharage yakilowekwa usiku huiva upesi na kula mkaa kidogo. Sare zikinyooshwa usiku watoto hawagombani alfajiri. Maji yakikingwa usiku, kwa sisi ambao bomba hutoka kwa zamu, ndoo hazisimamishi uji. Mwenye simu aandike katika simu, mwenye daftari la shule lililobaki kurasa aandike humo, na mwenye mkaa aandike ukutani. Sisi twapendelea ukuta au karatasi iliyobandikwa, kwani simu huionyesha orodha kwa mtu mmoja tu, na shabaha yetu ni ionwe na nyumba nzima.

Pili, kila kazi iwekewe alama. Sisi twaandika L kwa ile ambayo ni lazima leo, N kwa ile iwezayo kungoja, na ile isiyohitaji mikono ya mama twaiandikia jina la mtu. Siku ya kwanza tuliona kituko: kila kazi ilipata L. Ndivyo tulivyolelewa akina mama, kudhani kuwa lolote tusilolifanya leo nyumba itaanguka. Tukajiwekea sheria kwamba L zisizidi sita, na kazi ya saba ikitaka kuingia, mojawapo ya zile sita itoke. Tulikosea pia. Wiki ile ile tuliipa kliniki ya mtoto alama ya N, siku ikapita, nasi tukasimama mbele ya muuguzi kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride. Kwa hiyo tukajifunza kuwa jambo lenye tarehe huandikwa pamoja na tarehe yake, halichezewi.

Hapa kuna jambo moja ambalo akina mama wengi walitueleza, nalo ni zito kuliko ndoo. Ni kazi ya kukumbuka. Kukumbuka kuwa chumvi yakaribia kwisha, kuwa mwalimu ameagiza ufagio Ijumaa, kuwa mtoto wa tatu kiatu kimembana, kuwa shemeji ana msiba na lazima ipelekwe sahani ya mchele. Kazi hii haionekani kwa macho, haitoi jasho, wala bwana akirudi haioni imefanyika. Ataiona siku itakaposahauliwa. Mama aiandikapo kichwa chake hupumzika. Mama mmoja alituambia kwamba tangu aanze kuandika hulala usingizi mmoja mpaka alfajiri, ambapo zamani alikuwa akishtuka usiku wa manane kwa ajili ya chumvi.

Wako wataalamu washaurio mama aende sokoni mara moja kwa mwezi, anunue kila kitu, apunguze safari. Ushauri mzuri kwa mwenye mshahara wa mwezi. Lakini mama ambaye fedha zake ni za maandazi ya leo atanunuaje mafuta ya mwezi? Hununua ya kupimiwa, na mkaa wa kopo, na sukari ya robo, na kwa njia hiyo hulipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kile kile, tena huongeza safari tatu za dukani kila siku. Dawa ya jambo hili si orodha, ni umoja. Katika tawi moja tulikuta akina mama wanne wanachanga kila Jumamosi, wananunua gunia la mkaa na dumu la mafuta, wanagawana kwa kopo moja mbele ya macho ya wote. Kila mmoja amefuta safari kadhaa katika orodha yake. Hakuna aliyewafundisha.

Tatu, na hapa ndipo pagumu, majina. Twajua ya kuwa wasomaji wetu wengine wameanza kukunja uso. Watasema si mila yetu mwanamume kushika ufagio wala kuosha sufuria. Je, ndugu zetu, ni nani achomaye nyama baa na mishkaki kando ya barabara? Ni nani akaangaye chipsi? Ni nani apikaye pweza pwani, na wavuvi wakiwa baharini huko tangani nani huwapikia? Wote hao ni wanaume, na moto ni ule ule. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na vijana wetu wengi wamepita makambini humo wakafua, wakateka maji, wakasafisha vyombo, na wakarudi makwao wanaume kamili. Chuoni kwetu wanachuo wa kiume walipiga deki mabweni kila asubuhi kabla ya gwaride. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo, siku ya pili baada ya kuoa, mikono hufa ganzi.

Hatusemi bwana aliyetwishwa mizigo sokoni kutwa aje akande unga usiku wote. La hasha. Twasema aulizwe, naye ajibu kwa jina lake, ni kazi ipi kati ya zile 19 iliyo yake. Kumpeleka mtoto kliniki, kudai fedha kwa mwenye kibanda, kununua dawa ya mama yake mzazi, kujaza maji usiku: haya yataka miguu miwili tu.

Wala hatukubali hila moja tuliyoiona katika nyumba za wenye nafasi kidogo, ambapo orodha yote yahamishwa kutoka kwa mama na kutwikwa msichana wa kazi aliyetoka kijijini, au binti wa nyumba mwenye miaka 11. Huko si kugawana, ni kumtafuta mnyonge zaidi. Sisi tumefundisha madarasani. Tumewaona mabinti wanaosinzia kipindi cha kwanza kwa sababu walikuwa bombani alfajiri, hali kaka zao wamekaa nyuma yao macho maangavu, wamelala na wamekula. Binti akiandikiwa kazi moja, kaka naye aandikiwe moja, na yule msichana wa kazi awe na saa ya kulala na saa yake mwenyewe.

Wapo watakaodhani kuwa haya ni maneno mapya ya vijana. Wasome historia. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi wakati mwingine saa 12 hata 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kwamba wanaume wengi wa huko huwa kama walio likizoni nusu ya maisha yao. Watu waliimba Azimio, wakaandamana kwa ajili ya Azimio, lakini ukurasa ule walio wengi waliupita kimya.

Na sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971, nayo hutaka mahakama, igawapo mali ya wanandoa walioachana, itazame mchango wa kila mmoja. Kwa miaka mingi ilibishaniwa kama kupika na kulea ni mchango. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Mwenyewe hakutoka na mgawo katika kesi ile, kwa sababu nyinginezo, lakini uamuzi wake umewafaa wengi waliofuata. Kwa hiyo, bwana apitaye mbele ya ukuta wa mkaa na kucheka ajue kuwa yaliyoandikwa pale, mbele ya hakimu, yana thamani ya mabati na tofali. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja, na baba siku 3. Siku 3! Hata maziwa ya mama hayajatulia, baba amekwisha kurudi kazini. Tusishangae basi kama hajui unga wa uji hukaa mtungi gani.

Tumesema na akina mama, tumesema na mabwana. Sasa twasema na Chama.

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed akakabidhiwa uongozi wa sehemu ya wanawake. Yeye alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Je, alifanyaje kazi yake? Hakukaa ofisini akawasubiri wanawake waje saa kumi na moja jioni, akawawekea misalaba walioshindwa. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, akawakuta wanawake pale walipozoea kukutana, na kutoka kwao wakapatikana wengine, wauza vitumbua na wapika pombe, watu wenye orodha ndefu kama ya mwenzetu. Wanawake wale ndio waliojaza viwanja vya mikutano. Chama cha wakati ule kilifuata saa ya wanawake. Sisi tuliorithi uhuru wao twawataka wanawake wafuate saa yetu.

Saa kumi na moja jioni, wananchi, ni saa ya bwana aliyetoka kazini na bado hajataka kurudi nyumbani. Kwa mama ni saa ya moto, ya kuwaosha watoto, ya kupokea maji. Aliyepanga saa hiyo hakuwa na nia mbaya, hakuuliza tu.

Kwa hiyo tumeandika pendekezo ambalo litaletwa mbele ya mkutano wa tawi mwezi ujao. Mikutano iwe Jumamosi saa nne asubuhi, ianze saa nne kweli, na ikifika saa sita ifungwe hata kama msemaji yuko katikati ya sentensi. Mambo ya kujadiliwa yabandikwe siku tatu mbele, ili asiyeweza kuja atume neno lake. Mkeka utandikwe pembeni kwa ajili ya watoto, na wanaume wanachama waukae kwa zamu; chai nayo iwe kwa zamu hiyo hiyo. Na katika daftari la mahudhurio, mbele ya msalaba, ichorwe safu mpya ya sababu, ili siku tutakapokagua tena tuione nyumba iliyo nyuma ya kila jina.

Mwenzetu wa mkaa amekwisha kuambiwa. Alisoma pendekezo mara mbili, akauliza kama saa sita ni saa sita au ni saa nane ya Chama. Tulimwahidi. Ukutani kwake, wiki iliyopita, tulikuta majina manne mapya, na moja ni la bwana wake, mbele ya neno "Maji," ingawa mwandiko tuliona si wa bwana.

Mzee wetu aliyesema habari ya nidhamu ametuarifu kuwa atalipinga pendekezo hili, na ni haki yake. Twamwomba yeye na wote watakaokuwa upande wake waje na hoja zao, na pamoja na hoja waje na orodha zao wenyewe za siku moja, tangu saa kumi alfajiri mpaka kulala. Tutazibandika ukutani kando ya ile ya mwenzetu, kisha tupige kura.